Karata, kinyonga na mlima: Nilivyojifunza mchezo wa mwanangu Morogoro

Wenyewe huuita "mji kasoro bahari". Ukifika Morogoro asubuhi, Milima ya Uluguru ikiwa imejifunika ukungu hadi kiunoni, unaelewa kwa nini watu wa pale hawaionei wivu sana hiyo bahari. Kwa wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam, Moro ni mji wa kupita. Basi linasimama, unanunua maji na ndizi, safari ya Iringa au Dodoma inaendelea. Likizo ya katikati ya mwaka tuliamua kusimama hapo kwa siku tatu, mimi na wanangu wawili.

Mizigo yetu ilikuwa ya kawaida: masweta, raba, biskuti, dawa ya mbu. Kitu kimoja tu hakikuwa cha kawaida kwa mama wa miaka 41, nacho ni kasha la karata za Pokémon. Safari hii niliipanga ili nijifunze kuzicheza.

Sababu yake ni hii. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka tisa, aliletewa karata hizo na shangazi yake anayeishi Uingereza wakati tukiwa bado Mwanza. Kule alikuwa na rafiki mmoja mwenye karata kama zake, nao walikuwa wakicheza kila Jumamosi. Tulipohamia Dar es Salaam rafiki alibaki, karata zikaja. Dada yake wa miaka 13 hazimhusu. Kwa hiyo kijana alikuwa akitandika karata sakafuni na kucheza peke yake, mkono wa kushoto dhidi ya mkono wa kulia. Ukimuuliza habari za shule anajibu "nzuri". Ukimuuliza habari za karata anazungumza dakika ishirini bila kumeza mate. Mzazi akiona mlango mmoja tu uko wazi, anaingilia huo huo.

Karata zenye sifa mbaya

Kabla ya kwenda mbali, tuseme ukweli kuhusu neno lenyewe. Mtanzania akisikia "karata", kwanza anafikiria karata tatu za stendi, pale kijana mwenye vidole vyepesi anapokuuliza dume liko wapi na nauli yako inaondoka. Ndugu zangu wawili waliposikia ninakwenda likizo kujifunza karata, mmoja alicheka na mwingine aliguna.

Lakini karata ni mgeni wa siku nyingi katika lugha yetu. Neno lenyewe ni la Kireno, na vivyo hivyo majina ya aina zake nne: kopa, shupaza, uru na pau. Hata turufu, ambayo leo wanasiasa na makocha wa mpira huitaja kila wiki, ilitoka huko huko. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na ngome yao ya Mombasa ikaanguka mwaka 1698. Wao waliondoka, maneno yao ya karata yakabaki, na leo hakuna mzee barazani anayejua kwamba anaongea Kireno anapotaja shupaza. Wazee wetu waliupokea mchezo na kuupa Kiswahili chake. Jambo hilo lilinisaidia baadaye kuliko nilivyotarajia.

Karata za kukusanya ni kizazi kipya. Mchezo ulioanzisha aina hii, Magic: The Gathering, ulitoka Marekani mwaka 1993, kazi ya mtaalamu wa hisabati aitwaye Richard Garfield. Wazo lake lilikuwa geni: wachezaji wawili hawatumii pakiti moja ya karata 52. Kila mmoja anakuja na karata zake alizozikusanya na kuzichagua mwenyewe. Karata za Pokémon zilifuata nchini Japani mwaka 1996.

Somo la kwanza, kwenye treni

Tulikwenda kwa treni ya umeme ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Safari haifiki saa mbili, na muda huo unatosha somo moja.

Mwalimu wangu alitandika kanga juu ya begi katikati yetu na kuanza. Nitaueleza mchezo kama nilivyouelewa, maana mzazi anayeanza anahitaji maelezo ya mzazi mwenzake zaidi ya kijitabu chenye maandishi ya sisimizi.

Kila mchezaji ana karata 60. Unazichanga, unalamba saba, na unaweka sita kando bila kuziangalia. Hizo ndizo karata za zawadi. Mbele yako unamweka mnyama mmoja wa kupigana, na nyuma yake unaweza kuweka wengine hadi watano. Mwanangu aliwaita "wachezaji wa benchi", nami nikaelewa mara moja, kwa sababu nyumbani kwetu mpira tunaujua.

Zamu yako ikifika unalamba karata moja. Kisha unaweza kumpa mnyama wako mmoja karata moja ya nguvu: ya moto, ya maji, ya nyasi, ya umeme na kadhalika. Bila nguvu za kutosha hawezi kushambulia. Kila mnyama ana namba ya uhai juu ya karata yake, na kila shambulio lina namba ya maumivu. Maumivu yakifikia uhai, mnyama anatoka, na aliyemtoa anachukua karata moja ya zawadi. Anayemaliza zawadi zake sita wa kwanza ameshinda. Unashindwa pia ukikosa mnyama wa kuweka mbele, au zamu yako ikifika huna karata ya kulamba.

Wanyama wengine hukua. Charmander, mjusi mdogo mwenye moto mkiani, unaweza kumwekea Charmeleon juu yake, na baadaye Charizard mwenye mabawa. Huruhusiwi kuharakisha: mnyama aliyewekwa zamu hii anasubiri zamu nyingine ndipo akue. Hapo nilimwona mwanangu, ambaye mezani hawezi kusubiri chai ipoe, akinionya kwa upole, "Mama, mpe muda."

Tulianza na karata 30 kila mmoja na zawadi tatu badala ya sita, ili mchezo uishe kabla ya Morogoro. Ninawashauri wazazi wote waanze hivyo. Kichwa cha mtu mzima kinachoka upesi kikiwa kigeni mahali.

Kuna raha fulani ambayo nilikuwa nimeisahau, ya kufundishwa na mtu anayekupenda. Hakunicheka. Nilipouliza jambo lile lile mara ya tatu, alirudia kwa sauti ile ile ninayoitumia mimi kumfundisha kuzidisha. Mzazi akiwa mwanafunzi anasikia jinsi anavyofundisha.

Mzee na swali la turufu

Siku ya pili tulipanda mlima. Njia inayopendwa na familia huanzia upande wa juu wa mji, inapita kwenye mashamba ya maharage, mihogo na migomba, na kufika Morningside, penye nyumba ya mawe ya enzi za Wajerumani, ukingoni mwa msitu. Kutoka hapo mji wote unauona chini kama mkeka uliotandikwa. Tulikuwa na mwongozaji kijana, mwenyeji wa mlimani, aliyetuongoza kwa mwendo wa watoto.

Uluguru ni nyumbani kwa Waluguru, watu ambao ukoo wao hufuata upande wa mama. Kwa desturi, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa. Jina la machifu wao, Kingalu, leo lipo hata kwenye Soko Kuu la mjini. Mwongozaji alipomweleza binti yangu habari hiyo ya ukoo, alinitazama kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi.

Njiani, kwenye kibanda cha kuuzia ndizi, tulikuta wazee wanne wakicheza karata. Tulisalimia, "Shikamooni", wakaitikia na kutupisha benchi. Mmoja wao aliliona kasha mkononi mwa mwanangu.

"Mjukuu wangu, hizo karata gani zina picha za majini?"

Kijana alizitandaza. Mzee alizipitia moja moja kwa kidole, akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Turufu ni ipi?"

Mwanangu anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, na karata zake zimeandikwa Kiingereza. Mchezo mzima anaujua kwa lugha hiyo. Sasa alipaswa kumjibu babu asiyeitumia, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitafuta maneno. Alianza, akakwama, akaanza upya. Hatimaye alisema, "Babu, hakuna turufu moja. Wa maji anamwonea wa moto. Wa moto anamwonea wa nyasi. Ukipigwa na anayekuonea, unaumia mara mbili."

Mzee alicheka hadi kofia ikalegea. "Kumbe! Kila mbabe ana mbabe wake."

Kila karata, chini upande wa kushoto, ina alama inayoonyesha ni aina gani ya nguvu inayomdhuru mnyama huyo zaidi. Mpaka siku ile kijana aliisoma kwa Kiingereza. Tangu siku ile inaitwa "mbabe wake". Tulipoondoka kibandani mchezo ulikuwa umepata neno lake la kwanza la Kiswahili, kama shupaza na kopa zilivyopata zamani. Mengine yalifuata njiani: "kulamba", "benchi", "kukua", "zawadi". Kufikia Morningside mwanangu alikuwa na orodha kichwani, na dada yake, ambaye karata hazimhusu, alikuwa akimsahihisha.

Mbabe wa kinyonga

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Misitu yake ni ya kale sana na imetengana, kila mlima kama kisiwa. Ndiyo maana kuna viumbe wanaopatikana Uluguru na si mahali pengine popote duniani. Mmoja ni chozi wa Loveridge, ndege mdogo anyonyaye maua. Mwingine ni ndege mla wadudu mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, aitwaye kisayansi Malaconotus alius. Huyu hukaa juu kwenye vilele vya miti na yuko katika hatari kubwa ya kutoweka. Yuko pia kinyonga ambaye jina lake la kisayansi limebeba jina la mlima wenyewe: Kinyongia uluguruensis.

Ndege mwenye kichwa cheusi hatukumwona, na mwongozaji alituambia mapema tusimtegemee. Lakini katika kichaka kimoja, kwenye tawi lenye kuvu, alituonyesha kinyonga dume mwenye pembe tatu usoni. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga, na binti yangu alirudi nyuma hatua mbili. Mwongozaji alisema hana sumu, hana ubaya, ila tusimshike. Tulisimama tu. Jicho moja lilitutazama, jingine lilitazama nzi.

"Charmeleon," kijana alinong'ona. Kisha akauliza, "Huyu ni adimu kiasi gani?"

Kwenye karata, uadimu huonyeshwa kwa alama ndogo chini: duara kwa za kawaida, nyota kwa zile za nadra. Kiwanda ndicho huamua nyota ichapwe mara ngapi, na kikitaka kinaweza kuchapa nyingine kesho. Mwongozaji alimjibu kwa namna yake. Alinyoosha mkono kuelekea chini, msitu unapoishia na mashamba yanapoanza. Wanyama hawa wanaishi juu ya mstari ule, alisema, na moto wa kuandaa mashamba ukiwaponyoka watu wakati wa kiangazi, mstari unapanda.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, watoto walikata kasha la biskuti na kutengeneza karata zao. Dada mtu ndiye mchoraji. Walichora kinyonga wa pembe tatu, chozi, yule ndege tusiyemwona, na Mto Ruvu, ambao huanzia milima hii na kuipa Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Kijana alipanga uhai na maumivu. Walipofika kwenye "mbabe wake", binti aliandika kwenye karata zote neno moja: moto. Kwenye ile ya mto aliongeza: shoka.

Nilidhani mdogo wake atapinga, kwa sababu mchezo ambao kila mnyama ana mbabe yule yule hauchezeki. Alizitazama kwa muda, akasema, "Basi hizi tucheze upande mmoja. Sisi wote dhidi ya moto." Waliandika sheria hadi saa nne usiku. Mimi nilipewa kazi ya kuwa moto.

Mtoto aliyekusanya wadudu

Nilipowasimulia habari za aliyebuni Pokémon, walinyamaza. Satoshi Tajiri alizaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, pembezoni mwa jiji la Tokyo. Utotoni alikuwa akikusanya wadudu kwenye vijito na vichaka vya mtaani kwao, hadi watoto wenzake wakampa jina la utani la daktari wa wadudu. Kisha mji ulikua, vichaka vikawa barabara na majengo. Alipokuwa mtu mzima alibuni mchezo ambao ungewapa watoto wa mjini raha aliyoipata yeye, ya kutafuta kiumbe, kumpata na kubadilishana na rafiki.

Kwa hiyo karata anazotandaza mwanangu sakafuni Dar es Salaam zilianza na mtoto aliyechutama kwenye majani akitazama mende. Morogoro majani hayo bado yapo, na kwa treni ni mwendo usiofika saa mbili.

Pesa, pakiti na kubadilishana

Mzazi makini atauliza habari za fedha, na ana haki. Karata hizi huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na hujui ndani kuna nini. Mtoto anafungua kwa matumaini ya kulamba dume. Mara nyingi anapata za kawaida, na anataka pakiti nyingine. Hamu hiyo inafanana sana na ya bahati nasibu, hivyo ni vizuri kuizungumza mapema. Nyumbani kwetu tumekubaliana haya:

Kwanza, pakiti zilizofungwa ni za sikukuu ya kuzaliwa na matokeo ya mwisho wa mwaka tu. Pili, kasha la kuanzia, lenye karata 60 zilizokwisha kupangwa, linatosha kuchezea kwa muda mrefu, na mawili yanatosha familia nzima. Tatu, kubadilishana karata hufanyika mbele ya mtu mzima, na kila upande unalala na uamuzi wake usiku mmoja kwanza. Shuleni kwa mwanangu mtoto mmoja mkubwa alimpa karata kumi za kawaida akachukua moja yenye nyota, na machozi yaliyofuata yalimaliza wikiendi yetu. Nne, karata za bandia zipo nyingi. Za kuchezea nyumbani hazina neno, lakini asizilipie bei ya halisi.

Kama hizi hazipatikani au bei haishikiki, pakiti ya kawaida ya karata 52 inafanya kazi ile ile ya kuwaketisha pamoja. Hata kasha la biskuti na penseli vinatosha, nimeona kwa macho yangu.

Tangu turudi tunacheza kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Katika michezo kumi na moja nimeshinda miwili, na wa pili nina shaka aliniachia. Wiki mbili zilizopita mtoto wa jirani alisimama mlangoni akitazama. Mwanangu alimpa karata 30, akaanza kumfundisha kwa Kiswahili, na alipofika kwenye alama ya chini upande wa kushoto alisema, "Huyu ndiye mbabe wake." Sasa Jumamosi zangu nyingine ninapumzika.

Kabla hujaenda

Treni: kata tiketi mapema, hasa wikiendi na likizo. Nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilitangazwa kuwa shilingi 13,000 huduma ilipoanza, na watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu.

Msimu: Juni hadi Septemba njia ni kavu na hewa ni ya baridi. Machi hadi Mei mvua ni kubwa na njia zinateleza, si wakati wa watoto.

Mlimani: tafuta mwongozaji mwenyeji, kubalianeni bei kabla ya kuanza, na uliza mapema kuhusu kibali na ada ya kuingia msituni. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Anzeni asubuhi na mapema. Watoto wa miaka minane kwenda juu wanafika Morningside wakipewa nafasi ya kupumzika. Vilele kama Bondwa na Lupanga, vyenye zaidi ya mita 2,000, viachie watu wazima.

Begi: maji, sweta, raba zenye meno, chakula, penseli na karatasi ngumu. Karata zenyewe ziwekeni kwenye kopo lenye mfuniko, kwa sababu ukungu wa Uluguru hupenya hata zipu, na karata iliyolowa haichangiki tena.